Uvimbe Ulionisingizia

Nilipokuwa na umri wa kutumwa dukani lakini si wa kuulizwa maoni, tulikaa Kolwezi, katika mtaa ambao magari yaliyotoka kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba yalitumwagia vumbi jekundu hata kwenye nguo zilizoanikwa. Nchi iliitwa Zaïre na jimbo letu liliitwa Shaba. Baba yangu, mtu wa Kasongo, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa kwao. Alipeleka chumvi na samaki wakavu Lubudi na kurudi na magunia ya mahindi, na mara nyingi tulimwona akila tu kisha akiondoka. Mama alikuwa mzaliwa wa upande wa Sandoa, na huko ndiko alikotoka mama yake kuja kukaa nasi. Tulimwita Kambo, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao.

Kambo aliteremka kwenye lori na sanduku la bati, Biblia, na kinu. Baba alicheka sana. Alimwambia kwamba Kolwezi kuna vinu, kwamba hata soko zima lina vinu. Kambo hakucheka. Kinu kile kilikuwa cha marehemu mama yake, alisema, na kisipokaa machoni mwake hatalala. Alikiweka chini ya ukingo wa paa la jiko. Kila tulipomaliza kutwanga sombe, majani ya muhogo, alikiosha, akakilaza ubavu na kukifunika beseni, ili asipatikane mtu wa kukikalia.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake kubwa. Zilikuwepo nyingine, za kupiga mluzi jioni na za kuvuka miguu ya mtu aliyelala, lakini hizo alizisahau mwenyewe akiwa na furaha. Ya kinu hakuisahau hata siku moja.

"Mutoto mwanamuke hapana kuikala pa kinu," alituambia mimi na mdogo wangu Mwajuma. "Kulikuwa mutoto mumoja kule Sandoa. Mama yake alikuwa na mimba. Balimukataza, ye hakusikia. Aliikala pa kinu, anakula karanga yake. Kintu ikamutoka kule nyuma, ikavimba. Na tumbo ya mama yake ikajifunga. Mama alikufa na mutoto ndani."

Hapo simulizi ilikoma. Hakumtaja jina yule mtoto, wala sisi hatukuuliza. Tulimwogopa mtoto yule kuliko shetani. Kwa baba nilifundishwa malaika wawili wanaoandika matendo, na kwa Kambo nilifundishwa uvimbe unaotoka pale pasipotajwa na kumshitaki mtu bila kusema neno. Wa Kambo ndio ulionitia hofu zaidi.

Kambo mwenyewe hakuwahi kukaa kama watu. Aliegemea upande mmoja juu ya kitenge kilichokunjwa, paja moja limeinuka kidogo, hata kanisani. Sisi tuliamini kwamba ndiyo adabu ya wazee wa Sandoa, na Mwajuma alikuwa akimwiga nyuma ya mgongo wake mpaka tunavunjika mbavu. Leo nikikumbuka kicheko kile naona uchungu.

Mwaka ule mama alikuwa na mimba kubwa, na baba alikuwa njiani. Asubuhi moja nilikwenda chooni nikahisi maumivu kama nimechomwa. Nikasema yatapita. Kesho yake yalikuwa makali zaidi, na nilipokuwa nikioga ndani ya ua wa mabati, mkono wangu ulikigusa. Pembeni kabisa mwa njia ya haja kubwa palikuwa na kidonge kigumu, cha moto, ukubwa wa punje ya karanga.

Karanga! Nilisimama pale na sabuni mkononi, maji yananitiririka.

Jambo ambalo watu hawanielewi nikiwasimulia ni hili: mimi sikuwa nimekaa kwenye kinu. Ningekuwa nimekaa, ningekuwa na kosa la kuungama, na mtoto aliyeungama huchapwa kisha maisha yakaendelea. Lakini mimi sikukaa. Uvimbe ulikuja tu, ukanisingizia, na nani angeniamini mimi na kuuacha uvimbe? Nilianza kujichunguza. Labda nilikikalia nikiwa usingizini. Labda siku ile tulipocheza kujificha nilikiegemea, na kuegemea kunahesabiwa. Baada ya muda nikawa ninaiona kabisa picha yangu nimekaa juu ya kinu cha Kambo, miguu inaning'inia, ninatafuna. Hofu inaweza kumpa mtu kumbukumbu ambayo si yake.

Nimwambie nani? Mama ningemwua kwa hofu kabla tumbo halijamwua. Kambo ndiye hakimu mwenyewe. Baba, hata angekuwepo, ni baba, na mahali penyewe ni pale. Kila mlango niliouendea akilini niliukuta umefungwa, na ufunguo umekaa ndani ya mwili wangu, unavimba.

Shuleni madawati yalikuwa ya mbao tupu. Nilikaa kwa upande mmoja, nikaegemea mkono, nikabadilisha, nikarudi. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa suti ya abakosti iliyopigwa pasi vikali, na alitaka darasa lake linyooke kama suti hiyo.

"Citoyenne Zaina," alisema, kwani enzi zile kila mtu aliitwa mwananchi, "ikala muzuri. Ama banc iko na miiba?"

Darasa zima likacheka. Nilijaribu kukaa vizuri, machozi yakanitoka, nikanyanyuka bila ruhusa. Kwa ajili hiyo alinisimamisha ukutani karibu na ubao mpaka kengele ya kutoka. Hakujua kwamba amenipa zawadi. Siku zilizofuata nilitafuta makosa kwa makusudi ili nisimamishwe, mimi niliyekuwa mtoto mpole, na mwalimu alishangaa ni pepo gani limeniingia.

Nyumbani niliacha kula. Kila tonge la bukari, ugali wa kwetu, nililiona mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa maumivu. Nilimpa Mwajuma nyama yangu, naye hakuuliza kitu. Nilipunguza maji pia. Bila shaka choo kikawa kigumu kama jiwe, na nikazidi kujizuia, na kujizuia kukazidisha kidonda. Nilikuwa nimeingia kwenye mtego na kila nilipojitikisa ulinikaza.

Siku za mama zikatimia, zikapita. Akina mama jirani walianza kumtazama tumbo kisha wakatazamana.  Jioni moja Kambo alikifunua kinu, akakikagua pande zote, akapitisha kiganja kwenye mdomo wake kama mtu anayetafuta vumbi. Kisha akatuita.

"Nani aliikala pa kinu?"

"Mi hapana," alisema Mwajuma haraka.

"Mi naye hapana," nilisema. Ulikuwa ukweli mtupu na ulitoka na sauti ya mwongo.

Mama alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka mlangoni pa jiko, anajipepea. "Mama, acha batoto," alisema. "Mutoto atatoka siku yake."

"Kama mutu aliikala, kintu itaonekana," alijibu Kambo, lakini hakututazama sisi. Alikitazama kinu. "Kesho njo nitabaosha mi mwenyewe."

Kesho yake niliamka na homa. Uvimbe ulikuwa umekua, unapiga kama moyo mdogo, na kutembea kulinitaka nitanue miguu. Kambo aliniona navuka ua kwenda kuoga kabla hajaniita, na nadhani alijua kwa ile hatua tu. Aliingia nyuma yangu, akavuta bati la mlango, akalifunga kwa kamba. Nilijibana kwenye pembe. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Geuka, mwana."

Nikageuka. Nilingoja kofi. Nilingoja ukelele ambao mama angeusikia, na mtaa mzima ungeusikia, kisha ningekuwa mtoto wa pili wa Sandoa. Hakukuwa na kofi. Nilipotazama nyuma, Kambo alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyekasirika. Alikuwa anaogopa kama mimi.

"Inauma wakati unaenda ku choo?"

"Eh."

"Na ukiikala ni kama moto? Na usiku inapigapiga?"

"Eh, Kambo. Lakini sikuikala pa kinu. Naapa, sikuikala."

 Kambo alichemsha maji, akatia chumvi, akayapoza mpaka vuguvugu, akaniketisha ndani ya beseni lilelile la kufunikia kinu. Maumivu yakalegea kidogo na nikalia kwa nafuu. Kisha akaleta ule mpira mwekundu wenye shingo nyembamba, ambao kila nyumba ya kwetu ilikuwa nao kwa kumsukumia mtu dawa kwa nyuma, na bakuli la maji aliyochanganya pilipili. Aliushika mpira kwa muda, akautazama.

"Hapana," alisema, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeshauri. "Hii inaunguza. Haiponeshe. Mi najua."

Akaimwaga ile dawa mtaroni. Nilikuwa mdogo, lakini nilishangaa amejuaje. Akanifunga kitenge chake kiunoni, akainama karibu na sikio langu.

"Usiambie mama yako. Usiambie mutu."

Nilikuwa nimefikiri kwamba atakayejua ndiye atakayenifungulia. Kumbe Kambo aliingia ndani nami na kufunga mlango. Sasa tulikuwa wawili tunaobeba neno lilelile, tukipishana ndani ya nyumba bila kutazamana, tukisikiliza kila mguno wa mama.

Uchungu ulimshika mama siku ya pili yake, asubuhi. Jirani mwenye gari dogo la mizigo alikuja mbio. Mwajuma akaachwa kwa majirani, na mama akapandishwa nyuma juu ya magodoro, anang'ata khanga. Mimi nilikuwa nimelala kando ya ukuta nikitetemeka kwa homa. Kambo alisimama katikati, mguu mmoja upande wa gari, mwingine upande wangu. Akanibeba. Mwanamke mzee yule, mwembamba kiasi kile, alinibeba kama furushi na kunipandisha garini kifudifudi.

Mama alinitazama. "Zaina iko na nini?"

"Malaria," alisema Kambo.

Hospitalini walimpokea mama na kumwingiza wodi ya wazazi. Mlango ukafungwa. Sisi tukabaki barazani, watu wamejaa kwenye mabenchi, na benchi mojawapo lilikuwa na nafasi. Hatukukaa, si yeye wala mimi. Tulisimama kando ya nafasi ile tupu, bibi na mjukuu, watu wakitushangaa.

Mguno wa mama ulifika mpaka pale. Kisha ukaja mwingine. Kambo akaanza kutikisa kichwa. Ghafla alinishika mkono, akanivuta mpaka chumba cha vidonda, akasukuma mlango bila kubisha. Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya juu, aitwaye Mama Kabedi, anakunja bandeji.

"Mumufungue huyu mutoto!" alisema Kambo. "Mumufungue mbiyombiyo! Akifunguka, mama yake naye atafunguka."

"Mama, polepole. Kumufungua wapi?"

 Kambo alinigeuza na kuinua kitenge. Nilifumba macho. Kitu nilichokificha kwa vidole na kwa njaa na kwa adhabu za shule sasa kilikuwa wazi mchana kweupe, mbele ya mgeni. Nilingoja aseme neno la kinu.

"Ah," alisema Mama Kabedi, kwa sauti ya mtu aliyeletewa mzigo anaoujua. "Ni jipu. Maskini, limeiva. Depuis siku ngapi mutoto anabeba hii?"

Jipu! Nililijua neno hilo. Jirani yetu aliwahi kupata jipu kwapani na hakuna aliyeulizwa kinu. Mama Kabedi alinilaza kwenye meza, akawasha jiko la kuchemshia vyombo, na huku akinawa alizungumza nami, si na Kambo. Alisema mle ndani ya njia ya haja kubwa kuna vitundu vidogo sana, na kimoja kikiziba, usaha hujikusanya na kukosa pa kutokea. Ndiyo sababu inapiga, ndiyo sababu kuna homa. Si ya kukamua, si ya kutia pilipili. Ni ya kupasuliwa hospitali, kisha kuoshwa na maji ya vuguvugu, na mtu ale maharagwe na papai na kunywa maji ili choo kiwe laini. Alisema ningekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi, na ningezidi kukawia ingekuwa hatari.

"Haraka, mama yangu," alisema Kambo. "Mupasue. Kule banamungojea."

"Vyombo bitachemka kwanza."

Kambo aliushika ukingo wa meza. Vyombo ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kuchemka, kisu bado kiko ndani ya maji, jipu langu bado zima, tulipomsikia mtu akiita barazani. Msichana wa wodi ya wazazi alichungulia mlangoni.

"Mama wa Sandoa ni nani? Mutoto yenu alisha kuzaa. Mwanaume! Beko bazima bote wawili."

Nilitegemea kigelegele. Kambo alikuwa na kigelegele kilichojulikana mtaa mzima. Lakini alinitazama mgongoni tu, akitazama uvimbe ambao haukuwa umefunguka.

Kisha Mama Kabedi akapasua. Sitaeleza. Nililia mpaka sauti ikakauka, na palepale, katikati ya kilio, nikahisi kitu kilichonibana siku zote zile kinaniachia, na mwili wangu ukawa wangu tena. Nililala na shavu kwenye mpira baridi wa meza na sikutaka chochote duniani.

Kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mama Kabedi," alisema Kambo, chini sana. "Hii kintu inatoka mu kinu?"

"Kinu gani?"

"Mutoto akiikala pa kinu."

Muuguzi alicheka kidogo. "Hapana, Mama. Kinu ni ya sombe."

"Hata kama aliikala kabisa kabisa? Balimukataza na ye akaikala?"

"Hata akilala pale."

 Maji yalikuwa bado yanachemka.

"Na kama mama yake alikufa?"

Mama Kabedi aliacha kukunja bandeji. Alimtazama Kambo vizuri kwa mara ya kwanza, na sauti yake ya juu ikashuka. "Basi alikufa na uzazi, Mama. Banawake bengi banakufa na uzazi. Haiko mutoto njo aliua."

Kambo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, fupi, kama mtu anayetua mzigo kichwani. Mama Kabedi akavuta kiti. "Ikala, Mama." Kambo hakukaa. "Juu ya nini hauikale?"

"Mi naye niko nayo," alisema bibi yangu. "Tangu utoto. Ilipona, ikarudi na mimba ya kwanza. Inatoka, inaingia. Siku ingine damu."

"Na hakuna mutu aliyeona?"

"Nani nitamuonesha?"

Aliionyesha siku ileile. Mama Kabedi alinifunika, akavuta pazia, akamtazama, na nikamsikia akimweleza kwamba yake si jipu, ni mishipa ya damu iliyovimba, hémorroïdes, kitu ambacho akina mama waliozaa sana wanakipata kila siku, na kwamba kwa sababu ya damu lazima daktari amwone. Daktari alimwona. Kambo alirudi nyumbani na dawa ya kupaka na mtoto mchanga mikononi, na baada ya muda alipelekwa tena akatibiwa. Baba aliporudi kutoka Lubudi alimkuta mama mkwe wake anakula chakula amekaa sawasawa kama watu wote, akauliza nyumba hii imepatwa na nini. 

Mimi sikuyaelewa yote siku ile. Nilielewa tu kwamba sikumwua mama. Ilinichukua mpaka niwe mtu mzima, nikiwa na watoto wangu na mishipa yangu iliyovimba kama ya Kambo, kumwona msichana mdogo wa Sandoa aliyekula karanga mahali alipokatazwa, akapata maumivu, akafiwa na mama, akaunganisha mambo mawili ambayo hayakuwa na uhusiano, na kukibeba kinu cha mama yake umri wake wote kama mfungwa anayebeba mnyororo wake mwenyewe. Mimi nilifungwa siku chache na nusura nife. Yeye alizeeka mle ndani, na hata kutuonya kwake kulikuwa kilio ambacho hatukukisikia. Nilipopata yangu nilikwenda kwa daktari, kijana mdogo, nikamwambia wazi mahali na maumivu. Yeye ndiye aliyeona haya. Mimi sikuona.

Kinu kile bado ninacho. Ninakilaza ubavu nikimaliza kutwanga, kwa mazoea, na wajukuu wakikikalia siwaambii kitu.

Kambo hakusimulia tena ile hadithi. Mara moja tu, tukitwanga sombe wawili, mdogo wangu wa kiume akitambaa miguuni mwetu, nilipata ujasiri wa kumwuliza mtoto yule wa Sandoa alikuwa nani. Aliendelea kutwanga kidogo, kisha akauegemeza mchi.

"Alikuwa mutoto tu," alisema.